Pete Maravich: fundi wa basketi aliyezaliwa na moyo wenye kasoro

Huku Kongo, watu wengi walianza kusikia habari za basketi ya vyuo vikuu vya Marekani kwa sababu ya Dikembe Mutombo, mtoto wa Kinshasa aliyepitia chuo cha Georgetown. Lakini vijana wa Likasi wenye kupenda kubeba mpira na kuongoza ekipi wanapaswa kujua jina lingine pia: Pete Maravich.

Alizaliwa tarehe 22 Juni 1947 huko Aliquippa, Pennsylvania, mji wa viwanda vya chuma. Watu wa Likasi wanajua maisha ya mji wa namna hiyo. Papa yake, Press, alikuwa kocha, na njo yeye alimufundisha kudundisha mpira kwa mikono yote miwili na kupasia bila kuangalia. Hata akiwa juu ya kinga, mtoto alikuwa anadundisha mpira pembeni.

Mwaka 1966 aliingia chuo kikuu cha Louisiana State, mjini Baton Rouge, papa yake akiwa kocha wa pale. Wakati ule, wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawakuruhusiwa kucheza katika ekipi kubwa. Kwa hiyo Pete alicheza misimu mitatu tu, mechi 83. Alifunga pointi 3,667, sawa na pointi 44.2 kila mechi. Tena, mstari wa pointi tatu haukukuwa bado: hata mpira aliotupa kutoka mbali sana ulihesabiwa pointi mbili. Hakuna mwanaume mwingine wa vyuo vikubwa vya Marekani aliyefikisha wastani huo mpaka leo.

Lakini sifa hizo hazikumuletea kombe. Chuo chake hakikufika hata mara moja katika mashindano makubwa ya NCAA akiwa pale. Mwaka 1970 aliingia Atlanta Hawks, kisha mwaka 1974 akahamia New Orleans Jazz. Tarehe 25 Februari 1977 aliwafunga New York Knicks pointi 68 peke yake. Mwaka uliofuata goti liliumia vibaya, na mwaka 1980, kisha kupita muda mufupi Boston, aliacha mchezo bila kuwa bingwa.

Tarehe 5 Januari 1988, alikuwa anacheza na marafiki katika kiwanja cha kanisa, Pasadena, California. Akaanguka palepale, akafa. Alikuwa na miaka 40. Waganga walipochunguza mwili, walikuta mshipa wa kushoto wenye kupeleka damu kwa misuli ya moyo haukuweko tangu kuzaliwa. Mshipa wa kuume ulikuwa umefanya kazi ya yote miwili. Mutu mwenye kukimbia miaka yote ile mbele ya maelfu ya watu, hakuna aliyejua ana kasoro hiyo.

Kwa hiyo wazazi na makocha wa kwetu wasidanganywe na nguvu za mtoto. Kijana akizimia kiwanjani, akisikia maumivu kifuani, ao kama katika jamaa kuna aliyekufa gafula angali kijana, apumzike kwanza, aende kwa muganga apimwe moyo. Mechi inaweza kungoja.