Lester Allan Pelton

Lester Allan Pelton (5 Septemba 1829 – 14 Machi 1908) alikuwa fundi seremala na mvumbuzi kutoka nchi ya Marekani. Anajulikana hasa kwa gurudumu la maji linaloitwa kwa jina lake, ambalo hadi leo linazalisha umeme katika nchi nyingi zenye milima, ikiwemo Tanzania.

Maisha

Pelton alizaliwa Vermilion, katika jimbo la Ohio, karibu na Ziwa Erie. Mwaka 1850, akiwa kijana wa miaka 20 hivi, alisafiri kwenda California pamoja na wenzake kutafuta dhahabu. Kama wengi waliokwenda huko, hakuipata. Kwa muda alijipatia riziki kwa kuvua samaki, kisha akaishia Camptonville, mji mdogo wa wachimbaji milimani, akifanya kazi ya useremala na ya kujenga vinu vya kuponda mawe yenye dhahabu.

Vinu hivyo vilihitaji nguvu nyingi. Injini za mvuke zilikula kuni hadi vilima vya jirani vikabaki vitupu, na gharama ya kuni ikapanda. Maji ya milimani yalikuwepo, tena yakishuka kutoka juu sana, lakini magurudumu ya wakati ule yalipoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Pelton hakuwa na elimu ya uhandisi. Alichokuwa nacho ni karakana, mbao, chuma na subira ya kujaribu umbo moja baada ya jingine.

Uvumbuzi

Masimulizi ya jinsi alivyogundua siri yake yanatofautiana. Linalorudiwa zaidi husema aliona gurudumu lililosogea kidogo kwenye mhimili wake, mchirizi wa maji ukawa unapiga ukingo wa vikombe badala ya katikati, na gurudumu likaongeza kasi badala ya kupungua. Iwe ilikuwa hivyo au la, vikombe alivyotengeneza vilikuwa na ukuta mwembamba katikati unaogawa mchirizi mara mbili. Kila nusu ya maji huteleza kwenye mpindo wa kikombe na kutokea pembeni, ikiwa imegeuzwa karibu kurudi ilikotoka. Alipewa hataza mwezi Oktoba 1880.

Mwaka 1883 mgodi wa Idaho huko Grass Valley uliitisha mashindano ya magurudumu. La Pelton lilipata ufanisi wa zaidi ya asilimia 90. Lililolifuata halikufikia 80. Baada ya hapo maagizo yalikuwa mengi, na mwaka 1888 kampuni yenye jina lake iliundwa San Francisco. Mwaka 1895 alipewa Nishani ya Elliott Cresson na Taasisi ya Franklin ya Philadelphia. Umbo la vikombe liliboreshwa baadaye na wengine, hasa William Doble. Pelton alifariki Oakland, California.

Kani ya mchirizi wa maji

Kani ambayo maji hutoa juu ya ubapa hutegemea jinsi mwendo wake unavyobadilishwa. Chukua mchirizi wa lita 20 kwa sekunde, yaani kilogramu 20, unaokwenda mita 30 kwa sekunde. Ukipiga ubapa ulionyooka na kusimama, maji hutawanyika pembeni na kani ni 20 × 30, sawa na nyutoni 600. Ukipiga ubapa uliopinda unaoyarudisha maji nyuma kabisa, badiliko la mwendo ni mara mbili, na kani hufika nyutoni 1200. Maji ni yaleyale. Kilichobadilika ni mpindo tu.

Lakini ubapa uliosimama haufanyi kazi yoyote. Gurudumu lazima lizunguke, na likienda kasi kama maji, maji hayalisukumi tena. Kipimo bora ni nusu. Vikombe vikienda mita 15 kwa sekunde, maji huviona vikija kwa kasi ya 15. Kani ni 2 × 20 × 15, sawa na nyutoni 600, na nguvu ni 600 × 15, yaani wati 9000. Hiyo ndiyo nguvu yote iliyokuwa ndani ya mchirizi. Maji yaliyogeuzwa huanguka chini yakiwa hayana mwendo karibu wowote, kwa sababu yamekwisha kutoa kila kitu. Kwa bapa zilizonyooka ingepatikana nusu, wati 4500. Kwa vitendo maji hugeuzwa nyuzi 165 hivi, si 180, yasije yakagonga mgongo wa kikombe kinachofuata. Hasara yake ni chini ya asilimia 2.

Matumizi nchini Tanzania

Gurudumu la Pelton hufaa palipo na maji machache yanayoanguka kutoka juu sana. Mkoa wa Simiyu hauna nafasi hiyo: ni nchi ya tambarare, na mto uliouachia jina lake hupungua sana wakati wa kiangazi. Bariadi na viwanda vya kuchambua pamba vya eneo hilo hutegemea Gridi ya Taifa, ambayo hupokea umeme pia wa kituo cha Kihansi, kwenye Milima ya Udzungwa. Kituo hicho kina turbini 3 za Pelton, jumla megawati 180, na maji hushuka takriban mita 850, hivyo hutoka mdomo wa bomba kwa kasi ya karibu mita 130 kwa sekunde.

Umeme huo ulikuwa na gharama yake. Maji yalipoelekezwa kwenye mabomba mwaka 2000, maporomoko yalipungua na ukungu wake pia. Chura wa Kihansi, aliyegunduliwa mwaka 1996 tu na asiyeishi mahali pengine duniani, alikosa unyevu, na ingawa aliwekewa vinyunyizio, mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Aliokolewa kwa kufugwa Marekani, katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo (mji ulio Ohio, jimbo alikozaliwa Pelton), na kuanzia mwaka 2012 vyura walirudishwa Kihansi.