Apolo Kivebulaya: Muganda aliyevuka Semliki na jembe

Ukiuliza Muanglikana wa Butembo kanisa yake ilianzia wapi katika inchi hii, hatakutajia London. Atakutajia Boga, kule Irumu, na jina la mtu mmoja: Apolo Kivebulaya. Kila tarehe 30 Mei wanamukumbuka, na hata Kanisa la Uingereza limeandika jina lake katika kalenda siku hiyo. Lakini ukiendelea kuuliza aliishi namna gani pale Boga, alikula nini, nani alimupokea, wengi wananyamaza. Njo hiyo tunataka kuwasimulia leo, wapenzi wasomaji.

Alizaliwa Buganda karibu mwaka 1864. Walikuwa mapacha, yeye wa kwanza, basi akaitwa Waswa kama desturi ya Baganda inavyotaka. Utotoni aliwekwa kwa mganga ili ajifunze kazi ile, lakini hakukaa. Akafuata Uislamu kwa muda, kiisha akasikia mafundisho ya Alexander Mackay, mmisionari kutoka Scotland. Wakati ule dini katika Buganda ilikuwa jambo la bunduki: Waislamu, Wakatoliki na Waprotestanti walipigana wao kwa wao. Waswa naye alishika silaha, tusilifiche. Mwaka 1891 alipita Toro kama askari katika msafara wa Kapiteni Lugard, na ndipo alipoona milima ya Ruwenzori karibu kwa mara ya kwanza.

Januari 1895 alibatizwa na kupewa jina Apolo. Mwaka huo huo akatumwa Toro kuwa mwalimu wa dini. Jina Kivebulaya lilitokana na nguo: alipenda kuvaa koti jekundu pamoja na kanzu yake, na Baganda wakamuita kitu kilichotoka Bulaya. Sisi wa huku hatuhitaji mtu atutafsirie neno hilo. Lakini angalia mchezo wake: mtu aliyeitwa kitu cha Bulaya alikuwa Mwafrika mtupu, na ng'ambo alikokwenda alifika kwa miguu.

Boga wakati ule watu wa Uganda waliiandika Mboga. Kwetu mboga ni kile unachotia pembeni ya bugali, na jina hilo linachekesha kidogo ukijua kilichompata pale, maana alinyimwa hata chakula.

Mfalme wa Boga aliitwa Tabaro. Mbele ya Apolo, walimu wawili Baganda walikuwa wamekwisha kufika. Tabaro hakuwapiga, hakuwafukuza kwa mkuki. Aliwakatia tu chakula, nao wakarudi Toro na njaa yao. Apolo alisikia habari hiyo kabla hajatoka, na mwishoni mwa 1896 akashuka ile milima, akavuka bonde la Semliki, akapanda tena upande wa pili hadi Boga. Alichukua jembe. Wakimukatalia chakula, atalima.

Mimi naona kila kitu kimo katika lile jembe. Tumezoea kuona mgeni wa dini akifika na sanduku, na watu wakipanga mustari. Huyu alifika mikono karibu mitupu, katika inchi ambayo wenyeji wake Wahema walikuwa na lugha yao, karibu na ya Bunyoro na Toro, na yeye vitabu vyake vilikuwa vya Kiganda. Biblia nzima ya Kiganda ilitoka mwaka ule ule wa 1896. Kwa hiyo mtu wa Boga aliyetaka ubatizo alipaswa kwanza kujua kusoma, na kusoma kwenyewe katika lugha ya mgeni. Fikiri siku za mwalimu wa namna hiyo: kulima ili ale, kujenga nyumba ya matete na majani, kufundisha herufi kwa wale wachache waliothubutu kuja, kiisha kusali nao. Mke hakuwa naye. Hakuoa hadi kufa kwake.

Tabaro hakumuchukia bure. Apolo alisema waziwazi dhidi ya pombe, dhidi ya kuoa wanawake wengi na dhidi ya hirizi, na kwa mfalme wa wakati ule hiyo ilikuwa kugusa nyumba yake na heshima yake. Tukisimulia habari za watakatifu tunapenda kumufanya mfalme kuwa shetani. Tabaro alikuwa mwenye inchi akilinda inchi yake.

Kiisha ikaja ajali. Mkuki ulikuwa umeachwa ndani ya majani, dada ya Tabaro akauangukia, akafa. Lawama ikamuangukia mgeni. Apolo akafungwa, akapelekwa hadi Fort Portal, akatiwa boloko kama muuaji. Katika miezi ile ya mateso, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, alimuona Kristo aking'aa kama jua na kumuagiza aende kuhubiri kwa watu wa pori. Mashtaka hayakusimama, akafunguliwa.

Angeweza kubaki Toro. Kazi ilikuwa tele pale, na hakuna mtu angemuona mwoga. Alirudi Boga, kwa watu wale wale waliomushitaki. Haikupita muda mrefu Tabaro mwenyewe akaomba kusoma, akabatizwa, akaitwa Paulo.

Mwaka 1900 Apolo akawa shemasi, mwaka 1903 kasisi, na kwa miaka mingi alitumwa kazi nyingine upande wa Uganda. Wakati huo Waingereza na Wabeleji walipanga upya mpaka, na Boga iliyohesabiwa kuwa ya Uganda ikaingia Kongo. Watu hawakuhama hata hatua moja, ni mpaka uliohama. Aliporudi, katika miaka ya vita vya kwanza vya dunia, alikuwa mgeni kweli kweli, mtu wa inchi ya Waingereza katika koloni la Wabeleji. Akabaki.

Miaka ya 1920 aliingia katika pori kwa Bambuti. Alijifunza lugha yao, Injili ya Marko ikaandikwa katika lugha hiyo. Jirani wengi waliwahesabu Bambuti kuwa watu wa chini, na bado leo tunasikia maneno hayo Beni na Oicha, tusijidanganye. Yeye alikaa nao chini na kuwafundisha kusoma kama alivyofundisha wana wa mfalme. Mwaka 1922 alifanywa kanoni wa Namirembe, cheo kikubwa Kampala, lakini aliendelea kuishi Boga.

Alifia Boga tarehe 30 Mei 1933. Mbegu ilichelewa kutoka pale: dayosisi ya Boga ilizaliwa 1972, na Kanisa Anglikana la Kongo likawa provinsi yake yenyewe mwaka 1992. Ile dayosisi ya Kivu ya Kaskazini ina makao yake hapa Butembo.

Usiku wa tarehe 30 kuamkia 31 Mei 2021, siku ile ile ya kumukumbuka, watu wenye silaha walishambulia Boga na Tchabi. Watu zaidi ya 50 waliuawa, na wengi wakakimbia makwao. Kuna watu ambao tangu siku hiyo hawawezi kusikia tarehe 30 Mei bila kuhesabu majina ya ndugu zao.

Kaburi la Apolo liko Boga. Aliomba mwenyewe azikwe kinyume cha desturi, kichwa kielekee magharibi, upande wa pori, ambako aliona kazi yake haijaisha.