Jaramogi Odinga na Kiti cha Mpiga Kura

Swali la mbunge aliyehama chama, kama yampasa kurudi kwa wapiga kura au aendelee kukalia kiti chake, huulizwa kila mara kana kwamba ni jipya. Si jipya hata kidogo. Katika Kenya lilikwisha kuulizwa na kujibiwa mwaka 1966, na aliyelipia jibu lile kuliko wengine wote ni marehemu Jaramogi Oginga Odinga. Kwa hiyo tunaona ni vema wasomaji wetu wakumbushwe habari za maisha yake.

Alizaliwa katika nchi ya Bondo, Nyanza, yapata mwaka 1911. Alisoma katika shule ya misheni ya Maseno, kisha Alliance, kisha Makerere, akawa mwalimu. Lakini hakuwa mtu wa kukaa kimya chini ya mkubwa asiyemheshimu. Aliacha ualimu akageukia biashara, na mwaka 1947 akaanzisha Luo Thrift and Trading Corporation, ili Waafrika wajifunze kuweka akiba na kujijengea maduka yao wenyewe bila kungoja hisani ya mtu. Majina yake ya ubatizo aliyaacha, akawa Oginga Odinga tu. Wako waliomwona mkaidi. Sisi tunaona kwamba ukaidi ule ndio uliompeleka katika siasa.

Mwezi wa Machi, 1957, Waafrika wa Kenya walipopiga kura kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wao wanane wa Baraza la Kutunga Sheria, Odinga alishinda Nyanza ya Kati. Mwaka uliofuata alisimama katika Baraza lile akasema kwamba Jomo Kenyatta, aliyekuwa kifungoni, angali kiongozi wa Waafrika. Wakoloni walighadhibika, na hata baadhi ya Waafrika wenzake walitetemeka. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963 alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, na Jamhuri ilipotangazwa mwezi wa Desemba, 1964, akawa Makamu wa Rais.

Hapa twaomba msomaji asimame kidogo. Mwezi mmoja tu kabla ya Jamhuri, chama cha KADU kilijivunja. Ronald Ngala, Daniel arap Moi na wenzao, waliochaguliwa mwaka 1963 na watu walioipinga KANU na kutaka serikali ya majimbo, walivuka ukumbi wakaketi upande wa Serikali. Hakuna aliyewaambia warudi kwanza kwa wapiga kura wao. Walipokewa kwa vifijo, na Odinga alikuwa miongoni mwa wakuu wa chama kilichowapokea. Mpiga kura wa Pwani au wa Bonde la Ufa aliamka asubuhi akakuta mjumbe wake ni wa chama alichokikataa, na hakuulizwa neno.

Haikupita miaka miwili upepo ukageuka. Odinga na Kenyatta walikwisha kutofautiana juu ya ardhi, juu ya urafiki na nchi za Mashariki, na juu ya nani afaidi matunda ya Uhuru. Katika mkutano wa KANU uliofanyika Limuru mwezi wa Machi, 1966, cheo chake cha Makamu wa Rais wa chama kiligawanywa vipande vinane, kila mkoa na wake. Mtu mzima akielezwa hivyo huelewa. Mwezi wa Aprili alijiuzulu, akaingia KPU, na wajumbe wengine wa Baraza na Seneti wakamfuata.

Serikali haikulala. Katika mwezi ule ule wa Aprili Katiba ilibadilishwa kwa haraka, ikasemwa kwamba mjumbe ajiuzuluye katika chama kilichomsimamisha atapoteza kiti chake. Tena ikaongezwa kwamba yule ambaye chama chake kilivunjwa akaingia chama kingine, naye akikiacha hicho cha pili, atapoteza vilevile. Yaani aliyetoka KADU kuingia KANU hakudaiwa kitu, lakini akitaka kutoka KANU atalipa. Mlango wa kuingilia ulikuwa bure. Wa kutokea una ushuru. Na sheria hiyo iliwakamata hata wale waliokwisha kutoka kabla haijatungwa.

Odinga na wenzake walijitetea kwamba wao hawakuwaacha wapiga kura. Kwamba waliochepuka ni wale waliozisahau ahadi za KANU za mwaka 1963. Hoja hiyo si ya kitoto, lakini hatuikubali. Nani aamue ni yupi aliyeziacha ahadi, kama si yule aliyeahidiwa? Sisi tunasema wazi: kiti si mali ya mbunge, wala si mali ya chama, na kukirudisha kwa mwenyewe ni haki. Ubaya wa mwaka 1966 haukuwa katika kuwauliza wananchi, bali katika namna ya kuwauliza.

Kwani uchaguzi ule mdogo wa mwezi wa Juni ulikuwa wa viti 29, na KPU ilikuwa chama cha majuma machache tu. Vibali vya mikutano vilikuwa shida kwake, na redio ya Serikali ilijua upande mmoja. Hata hivyo, kura zote zilipojumlishwa KPU ilikuwa mbele ya KANU, ingawa ilipata viti 9 tu. Bildad Kaggia alianguka Kandara, Achieng Oneko akaanguka Nakuru. Odinga alirudi Bungeni kutoka Bondo.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwezi wa Oktoba, 1969, baada ya damu kumwagika Kisumu, KPU ilipigwa marufuku na Odinga akawekwa kizuizini hadi 1971. Mwaka 1981 kiti cha Bondo kilipokuwa wazi, alizuiwa kusimama. Mwaka 1982 aliwekwa kizuizini nyumbani mwake. Hakunyamaza, mwaka 1991, akiwa mzee wa karibu miaka 80, alikuwa mbele katika kuanzisha FORD, na mwaka 1992 Bondo ikampeleka tena Bungeni, ingawa katika kura za urais alishika nafasi ya nne.

Alifariki tarehe 20 Januari, 1994. Sheria iliyotungwa kumkomesha haikufa pamoja naye. Mwanawe, Raila, alipoiacha FORD-Kenya, chama cha baba yake, alikiachia kiti cha Lang'ata, akaenda kwa wapiga kura kwa jina la chama kingine mwaka 1997, nao wakamrudisha. Na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 103, ingali ikisema kwamba mbunge akijiuzulu katika chama kilichompeleka Bungeni, kiti chake ki wazi.