Njia Fupi na Njia Ndefu: Lu Xun katika Madarasa ya Kijapani

Katika makala haya tumekusudia kueleza maisha ya Lu Xun, mwandishi mashuhuri wa China aliyezaliwa mwaka 1881 na kufariki mwaka 1936. Walio wengi humkumbuka kwa hadithi zake. Sisi tutamtazama kwa upande unaomhusu mwalimu zaidi, yaani Lu Xun akiwa mwanafunzi ugenini, aliyepaswa kuamua ni katika darasa gani, na miongoni mwa watu gani, angejifunza Kijapani. Huenda mwanachuo akauliza Mchina huyo wa zamani anamhusu nini mwalimu wa shule ya msingi. Jibu letu ni kwamba swali lililomkabili ndilo linalomkabili kila mwalimu wa lugha: je, lugha ni kizingiti cha kurukwa upesi ili mtu ayafikie maarifa, au ni sehemu ya maarifa yenyewe?

Utoto na malezi

Jina lake la ukubwani lilikuwa Zhou Shuren. Lu Xun ni jina alilojipa kwa ajili ya uandishi. Alizaliwa katika mji wa Shaoxing, jimbo la Zhejiang, katika ukoo wa wasomi. Mwaka 1893 babu yake alifungwa kwa kujaribu kutoa rushwa katika mitihani ya serikali, na tangu hapo nyumba yao ilianza kudidimia. Baba yake naye aliugua muda mrefu. Mtoto Shuren ndiye aliyetumwa kupeleka vitu vya nyumbani kuwekwa rehani, kisha kwenda na fedha hizo kununua dawa za waganga wa jadi. Dawa hazikusaidia, na mwaka 1896 baba akafariki.

Mwaka 1898 kijana huyo alikwenda Nanjing kusoma katika shule za serikali zilizofundisha elimu mpya ya Magharibi. Alianza katika chuo cha wanamaji, kisha akahamia shule ya migodi na reli, akahitimu mapema mwaka 1902. Mwaka huohuo serikali ilimpeleka Japani kwa masomo ya juu.

Shule ya Kobun

Siku hizo China ilikuwa imetikisika. Mwaka 1895 ilikuwa imeshindwa vitani na Japani, nchi ndogo ambayo kwa karne nyingi ilikuwa ikijifunza kutoka China. Viongozi wengi wakaona kwamba njia ya karibu ya kuipata elimu mpya ni kupitia Japani. Safari ilikuwa fupi, gharama nafuu, na maandishi ya nchi hizo mbili yalielekea kufanana. Mwaka 1896 vijana 13 wa kwanza walipelekwa na serikali ya China. Miaka kumi baadaye wanafunzi wa Kichina nchini Japani walikuwa maelfu.

Aliyekabidhiwa vijana wale 13 alikuwa Kano Jigoro, mkuu wa chuo cha juu cha ualimu cha Tokyo. Ulimwengu humfahamu kama mwanzilishi wa mchezo wa judo, lakini kazi ya maisha yake ilikuwa elimu. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa shule ya Kobun, iliyofunguliwa rasmi mwaka 1902 mjini Tokyo kwa ajili ya wanafunzi wa Kichina. Lu Xun alikuwa miongoni mwa wanafunzi wake wa mwanzo.

Katika shule hiyo kulikuwa na njia mbili, na hapa tunamwomba msomaji atulie kidogo. Njia ya kwanza ilikuwa ya mafunzo ya muda mfupi sana: miezi sita, minane, au mwaka mmoja. Mwalimu wa Kijapani alisema kwa lugha yake, na mkalimani akayageuza maneno yake kwa Kichina. Mwanafunzi aliweza kuhitimu ualimu au kazi ya polisi bila kuhitaji kuzungumza Kijapani. Njia ya pili ilichukua miaka miwili. Humo wanafunzi walifundishwa Kijapani kwanza, pamoja na hesabu, sayansi na masomo mengine ya jumla, ili waweze kuingia katika vyuo vya Wajapani na kukaa dawati moja na wenyeji.

Tusiwacheke waliopita njia fupi. China ilihitaji walimu wengi upesi, hasa baada ya kufuta mitihani yake ya kale mwaka 1905, na wengi wa wahitimu hao walirudi wakafungua shule mahali ambapo hapakuwa na shule. Hata hivyo, maarifa yao yalikoma pale mkalimani alipokoma. Mwaka 1906 serikali ya China yenyewe iliacha kupeleka wanafunzi wa mafunzo hayo ya haraka. Lu Xun na wenzake waliotoka Nanjing waliwekwa katika njia ndefu.

Mtego wa kufanana

Ugumu wa kumfundisha Mchina Kijapani ulitokana na urahisi wake. Kijapani huandikwa kwa herufi nyingi zilizotoka China, zikichanganywa na alama za sauti ziitwazo kana. Msomi wa Kichina alipofungua gazeti la Tokyo aliona maneno anayoyatambua kila mstari. Mwanamageuzi Liang Qichao alitunga hata kijitabu kilichoonyesha jinsi Mchina awezavyo kukisoma Kijapani kwa siku chache tu, kwa kupindua mpangilio wa maneno, kwa kuwa kitenzi cha Kijapani hukaa mwisho wa sentensi.

Lakini jicho linaweza kudanganya. Kuna neno la Kijapani, benkyo, ambalo maana yake ni kujifunza au kudurusu. Mchina anayeziona herufi zake hufahamu jambo jingine: kujilazimisha, au kufanya jambo bila kupenda. Isitoshe, zile alama ndogo zinazofuata nomino, ambazo huonyesha nani anatenda na nani anatendwa, hazina ndugu katika Kichina. Mwanafunzi anayeziruka huelewa mada ya habari, lakini hajui ni nani aliyemfanyia nani nini.

Mwalimu mmoja wa Kobun aliyelitambua jambo hilo alikuwa Matsumoto Kamejiro, aliyejiunga na shule mwaka 1903 na kulifundisha darasa la Lu Xun. Mwaka 1904 alitoa kitabu cha sarufi ya Kijapani kwa ajili ya Wachina, kilichoweka lugha hizo mbili bega kwa bega, ili tofauti zionekane wazi na zisifichwe na kufanana. Mwaka 1914 Matsumoto alianzisha shule yake mwenyewe, na mwaka 1917 miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Zhou Enlai, ambaye baadaye alikuwa waziri mkuu wa China.

Lu Xun hakungoja kuhitimu ndipo akitumie Kijapani. Mwaka 1903 alitafsiri kwa Kichina riwaya ya Mfaransa Jules Verne juu ya safari ya mwezini, akiitoa katika tafsiri ya Kijapani. Mwaka huohuo alikata msuko mrefu wa nywele ambao serikali ya Qing iliwalazimisha wanaume wa China kuufuga.

Uchaguzi wa Sendai

Mwaka 1904 ulifika wakati wa kuchagua chuo. Kwa kuwa alisomea migodi, ilitarajiwa aendelee na elimu hiyo. Yeye alichagua udaktari, kwa maana kifo cha baba yake hakikumtoka moyoni. Wenzake wengi walipenda kubaki Tokyo, mahali penye Wachina tele, magazeti ya Kichina na mikutano ya Kichina. Lu Xun aliomba nafasi katika chuo cha udaktari cha Sendai, mji wa kaskazini wenye baridi, ambako hakukuwa na Mchina mwingine katika chuo hicho. Chuo kilimpokea bila mtihani wa kuingilia wala ada.

Kwa mtazamo wetu, huo ndio uliokuwa uchaguzi wake mkubwa wa darasa la lugha, ingawa darasa lenyewe halikuitwa la lugha. Aliliacha darasa ambamo Kijapani kilikuwa somo, akaingia darasa ambamo Kijapani kilikuwa hewa ya kuvuta. Hapakuwa na kitabu cha bega kwa bega, wala aliyepunguza mwendo kwa ajili yake. Mhadhiri alisema, akataja majina ya Kilatini na Kijerumani, na mwanafunzi alipaswa kuandika hukohuko.

Mwalimu Fujino na wino mwekundu

Somo la anatomia lilifundishwa na Fujino Genkuro, mwalimu wa miaka 30, asiyejali mavazi. Utotoni alikuwa amefundishwa maandishi ya Kichina cha kale, naye aliiheshimu nchi iliyoyazaa. Siku chache baada ya masomo kuanza alimwita kijana huyu mgeni na kumwuliza kama aliweza kunakili mihadhara. Kisha akaliomba daftari lake.

Liliporudi baada ya siku mbili tatu, Lu Xun alishangaa na kufadhaika. Daftari zima lilikuwa limesahihishwa kwa wino mwekundu. Mambo aliyokosa kuyaandika yalijazwa, na makosa ya sarufi nayo yalirekebishwa moja baada ya jingine. Fujino aliendelea hivyo kila wiki hadi masomo yake yalipokwisha. Safari moja alimwonyesha kwamba ameuchora mshipa wa damu wa mkono mahali pasipo pake ili picha ipendeze. Akamweleza kwa upole kwamba mchoro wa anatomia hautafuti uzuri bali ukweli. Kijana alikubali kwa mdomo, lakini moyoni alidhani mchoro wake ulikuwa mzuri. Walimu tunawafahamu wanafunzi wa namna hiyo.

Mwisho wa mwaka Lu Xun alishika nafasi ya 68 kati ya wanafunzi 142. Baadhi ya wenzake hawakuamini kwamba Mchina aliweza kufaulu kwa akili zake. Walimtuhumu kuwa Fujino alimwekea alama za siri katika madaftari ili ayajue maswali ya mtihani, wakamwandikia barua ya kumdhalilisha. Tuhuma hiyo haikuwa na msingi. Katika anatomia, somo la Fujino mwenyewe, wastani wa alama zake haukufika 60. Msaada wa mwalimu haukuwa wa kumpa majibu, bali wa kumwezesha kuyasikia maswali.

Mwaka wa pili lilitokea jambo lililobadili mwendo wa maisha yake. Katika somo la vijidudu vya maradhi, muda uliobaki ulitumika kuonyesha picha za slaidi za vita vya Japani na Urusi vya 1904 hadi 1905. Kama alivyosimulia baadaye, picha moja ilimwonyesha Mchina akiuawa kwa tuhuma ya kuwapelelezea Warusi, huku Wachina wengine wamesimama wakitazama tu. Darasa lilishangilia. Lu Xun aliona kwamba watu wenye miili mizima na fikra zilizolala hawataponywa na daktari. Mwezi Machi mwaka 1906 aliacha chuo, akaazimia kuandika. Fujino alisikitika, akampa picha yake ya kumbukumbu.

Matunda

Lu Xun alirudi China mwaka 1909, na kazi yake ya kwanza ilikuwa katika chuo cha ualimu cha Hangzhou. Huko alifundisha fiziolojia na kemia, na alimtafsiria mwalimu wa Kijapani aliyefundisha elimu ya mimea. Hivyo yeye aliyefundishwa bila mkalimani akawa mkalimani wa wengine. Mwaka 1918 alitoa hadithi yake ya kwanza katika Kichina cha kila siku badala ya lugha ya kale ya wasomi, na hadithi hiyo ikafungua ukurasa mpya katika fasihi ya China. Karibu nusu ya maandishi yake yote ni tafsiri, nyingi kutoka Kijapani na Kijerumani.

Picha ya Fujino aliitundika ukutani juu ya meza yake ya kuandikia mjini Beijing, na mwaka 1926 aliandika insha ya kumkumbuka. Lakini hakumpelekea barua hata moja, kwa kuona haya kwamba hakuwa na jema la kumweleza. Kazi zake zilipokusanywa kwa Kijapani mwaka 1935, aliomba insha hiyo iwemo, akitumaini kwamba mwalimu wake angali hai. Alikuwa hai kweli, akitibu wagonjwa kijijini kwao. Habari zilimfikia, lakini Lu Xun alifariki Oktoba 1936 kabla hawajaonana. Fujino alieleza baadaye kwamba alikumbuka tu kijana aliyetaabika kwa kuwa Kijapani chake hakikutosha, ndiyo maana alibaki baada ya vipindi kumsahihishia. Kwake lilikuwa jambo dogo.

Mafunzo kwa mwalimu

Tunayapata wapi mafunzo katika maisha haya? Kwanza, mafunzo ya haraka yana mahali pake, lakini mwalimu asimdanganye mwanafunzi kwamba njia fupi humfikisha mwisho wa njia ndefu. Pili, pale lugha ya nyumbani kwa mtoto inapofanana na lugha ya shule, mwalimu asistarehe. Hapo ndipo penye makosa yasiyoonekana, na ndipo alipopata kazi Matsumoto. Tatu, kila somo ni somo la lugha. Fujino hakuwa mwalimu wa Kijapani, lakini alisahihisha sarufi pamoja na mishipa ya damu. Mwalimu wa hesabu au maarifa ya jamii anayesema kwamba lugha si kazi yake, na ayatazame madaftari yale yenye wino mwekundu, yaliyohifadhiwa hadi leo katika jumba la makumbusho mjini Beijing.

Mwisho, mwanachuo mwenzetu, utakapokuwa na rundo la madaftari mezani na taa inafifia, utajiuliza kama kazi hiyo ina maana. Fujino alimpoteza mwanafunzi huyo kwa udaktari. Hakumsikia tena kwa karibu miaka 30, naye hakujua kwamba picha yake ilikuwa ukutani.