Padre Placide Tempels na Mtu Mwenyewe

Mtu akifariki katika mtaa wa Bel-Air, mjini Lubumbashi, majirani hukusanyika kwenye kilio. Mwili wa marehemu umelala mbele yao, wala haukupungukiwa na kiungo; hata hivyo wote husema kwamba ametutoka. Ni nani huyo aliyetoka? Na sisi tulio hai husema: kichwa changu, moyo wangu, mawazo yangu, roho yangu. Kila kimoja kina mwenyewe. Lakini huyo mwenyewe ni nani, na je, ni mmoja kweli? Swali hilo lilimshika padre mmoja aliyefanya kazi katika Katanga yetu, na leo twasimulia maisha yake.

Frans Tempels alizaliwa Berlaar, nchini Ubelgiji, tarehe 18 Februari 1906. Alipoingia shirika la Wafransisko alipewa jina la Placide. Alipata daraja ya upadre mwaka 1930, na mwaka 1933 akaja Kongo, akatumwa kwa Waluba wa Katanga. Kwa muda wa miaka kama kumi alifundisha kwa bidii, lakini alikuwa kama mtu amwagaye maji juu ya mtungi bila kutazama kama umefunikwa. Hatimaye alitambua kwamba hakuwajua watu aliowafundisha. Basi akapunguza kusema, akaanza kuwauliza wazee na kuwasikiliza.

Wazee walimfahamisha kwamba mtu ana mwili, ana kivuli, ana pumzi. Vyote hivyo ni vyake, wala hakuna hata kimoja kilicho yeye. Na juu ya kile kibakicho baada ya kufa, hawakumtajia sehemu fulani ya mtu. Walisema aye mwine, maana yake yeye mwenyewe. Tena Tempels alielewa kwamba huyo mwenyewe hakai peke yake kama jiwe njiani. Uzima wake huongezeka au hupungua kadiri anavyoungana na Mungu, na wazee wake, na jamaa zake.

Mafundisho hayo aliyaandika katika kitabu juu ya falsafa ya Wabantu, kilichotolewa kwa Kifaransa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1945. Askofu Jean-Félix de Hemptinne hakukipenda. Mwaka 1946 Padre Tempels alirudi Ulaya, naye hakuiona tena Kongo hata mwaka 1949. Wengine nao walimkosoa. Aimé Césaire, mwaka 1950, alionya kwamba kusifu fikira za Mwafrika hakutoshi ikiwa ananyimwa haki yake. Baadaye Paulin Hountondji wa Benin alikataa kwamba taifa zima lina wazo moja. Falsafa, alifundisha, ni kazi ya watu wanaofikiri na kubishana. Maonyo hayo ni ya haki, nasi tusiyapuuze.

Aliporudi, alitumwa Kolwezi kwa wafanyakazi wa migodi. Huko katika miaka ya 1950 ilianza Jamaa, ushirika wa mume na mke pamoja na padre, waliojifunza uzima, uzazi na mapendo. Baadhi ya makundi yalipotoka baadaye. Lakini nia ya kwanza ilikuwa njema: mtu ajione mzima kwa kupendana na mwenzake. Mwaka 1962 Padre Tempels aliondoka Kongo, asirudi tena. Alifariki Hasselt, tarehe 9 Oktoba 1977.

Swali lake halikufa naye. Huko Marekani mtaalamu Roger Sperry na wenzake waliwachunguza wagonjwa wa kifafa ambao waganga walikuwa wamekata mshipa mnene uunganishao nusu mbili za ubongo. Picha ilipoonyeshwa upande wa kushoto tu, mgonjwa alisema hakuona kitu. Lakini mkono wake wa kushoto ulikichagua kile kilichokuwa katika picha. Kwa kazi hiyo Sperry alipata tuzo ya Nobel mwaka 1981. Je, ndani ya mtu yule mna fahamu mbili, au moja iliyopasuka? Wataalamu wangali wanabishana. Maneno ya wazee hayakati shauri la waganga, wala kisu cha waganga hakikati shauri la wazee. Maana fahamu yaweza kujeruhiwa, lakini haifuati kwamba mtu mwenyewe amegawanyika. Mtaguso wa pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulifundisha kwamba mtu, mwenye mwili na roho, ni mmoja.

Jambo hili si la wasomi tu. Huenda katika nyumba moja ya Bel-Air yupo mama mzee aliyesahau majina ya wanawe. Asubuhi analia, jioni anacheka, naye hajui sababu. Watoto hunong'onezana kwamba mama si yeye tena. Wewe katekista, uingiapo humo, usiseme naye kana kwamba hayupo. Mwite kwa jina lake la ubatizo, mshike mkono, sali naye polepole. Kama hawezi kushika umoja wake kwa nguvu zake, jamaa zake wamshikie, na Mungu aliyemwita kwa jina hamsahau. Yeye ni yeye mwenyewe.