Zora Arkus-Duntov, mkimbizi aliyeokoa gari la fahari la Wamarekani

Mwezi Januari 2014, katika mnada wa magari ya zamani mjini Scottsdale, jimbo la Arizona nchini Marekani, Chevrolet Corvette nyekundu ya mwaka wa 1967 iliuzwa kwa dola milioni 3.85. Ilikuwa na injini inayoitwa L88, na mwaka ule kiwanda kilitengeneza Corvette 20 tu za namna hiyo. Mhandisi aliyezipigania hakuwa Mmarekani wa kuzaliwa. Alifika huko akikimbia vita.

Mtu huyo ni Zora Arkus-Duntov. Alizaliwa Brussels, nchini Ubelgiji, tarehe 25 Desemba 1909. Wazazi wake walikuwa Warusi wa asili ya Kiyahudi. Alikulia katika mji ambao baadaye uliitwa Leningrad, na mwaka wa 1927 familia ilihamia Berlin, Ujerumani. Huko alisomea uhandisi, akapenda pikipiki na magari ya mashindano.

Wanazi waliposhika madaraka, Ujerumani haikukalika tena kwa Wayahudi. Duntov alihamia Paris, na mwaka wa 1939 alifunga ndoa na Elfi Wolff, mcheza dansi Mjerumani. Vita vilipoanza, yeye na mdogo wake Yura walijiunga na jeshi la anga la Ufaransa. Mwaka wa 1940 Ufaransa ilianguka. Elfi alitoka Paris akiendesha gari lake dogo kuelekea Bordeaux, huku majeshi ya Hitler yakiukaribia mji. Familia ilipata viza za Hispania, ikavuka hadi Ureno, na mwisho wa mwaka ikapanda meli kwenda New York.

Huko ndugu hao wawili walianzisha karakana waliyoiita Ardun, jina lililotokana na Arkus-Duntov. Walitengeneza vichwa vipya vya injini ya V8 ya Ford, injini iliyokuwa maarufu lakini yenye tabia ya kuchemka. Vichwa hivyo viliiongezea nguvu nyingi, lakini biashara haikudumu. Duntov alikwenda Uingereza kufanya kazi katika kampuni ya Allard, kisha akarudi Marekani akitafuta kazi tena.

Januari 1953 aliingia katika maonyesho ya General Motors, hoteli ya Waldorf-Astoria, New York. Pale aliiona Corvette kwa mara ya kwanza. Umbo lake lilimvutia sana. Chini ya boneti, hata hivyo, kulikuwa na injini ya silinda sita isiyolingana na sura hiyo. Aliiandikia Chevrolet, na mwezi Mei mwaka huo akaajiriwa. Alikuwa na umri wa miaka 43.

Desemba 1953 aliwaandikia wakubwa wake waraka ambao wapenzi wa magari wanauzungumzia mpaka leo. Aliwaeleza kwamba vijana wanaopenda mbio walikuwa wamezoea Ford, na kwamba Chevrolet ingewapata ikiwa kiwanda chenyewe kingewauzia vipuri vya kuongeza nguvu.

Wakati huo Corvette ilikuwa inakufa. Mwaka wa 1954 zilitengenezwa 3,640, nyingi zikabaki bila mnunuzi, na mwaka wa 1955 zilitoka 700 tu. Ndani ya kampuni kulikuwa na mazungumzo ya kuifuta. Ford nayo ilikuwa inaleta Thunderbird. Duntov aliandika tena: kuiua Corvette wakati huo kungekuwa kukiri kushindwa mbele ya mpinzani. Gari likabaki, likapewa injini mpya ya V8. Mwanzoni mwa 1956 yeye mwenyewe aliiendesha kwenye mchanga wa ufukwe wa Daytona, Florida, akapita kilomita 240 kwa saa.

Mwaka wa 1957 ilikuja injini ya nguvu za farasi 283, inayopuliziwa petroli badala ya kutumia kabureta. Mwaka wa 1960, kwa mara ya kwanza, Corvette zaidi ya 10,000 zilitengenezwa. Mwaka wa 1963 ikaja Sting Ray, ambayo kila gurudumu lake la nyuma hupanda na kushuka peke yake barabara inapokuwa mbaya. Mwaka huo zilitoka zaidi ya 21,000.

Lakini ndani ya kampuni hakushinda kila mara. Alipanga kutengeneza Corvette nyepesi 125 za mashindano, zilizoitwa Grand Sport. Wakuu wa General Motors walikataza mbio za magari, na kazi ikasimama zikiwa zimekamilika tano tu. Zote tano zipo hadi leo, na ni miongoni mwa Corvette zinazotamaniwa zaidi. L88 nayo ilitoka kiwandani bila redio wala kipasha joto, ili watu wa kawaida wasiichague. Kampuni ilitangaza nguvu za farasi 430, ingawa injini ilikuwa na zaidi ya 500. Wakati huo wachache waliitaka. Leo matajiri wanaigombania.

Ndoto yake kubwa ilikuwa kuweka injini nyuma ya dereva, katikati ya gari, ili uzito ukae vizuri. Alitengeneza magari ya majaribio na kuyaonyesha kwa miaka mingi. Kampuni ilikataa kila mara, kwa kuwa Corvette ya kawaida ilikuwa inauzwa vizuri. Alistaafu mwaka wa 1975 bila kuliona gari hilo dukani.

Duntov alifariki tarehe 21 Aprili 1996, akiwa na umri wa miaka 86. Corvette yenye injini katikati ilitangazwa Julai 2019, miaka 23 baada ya kifo chake. Majivu yake yamehifadhiwa katika makumbusho ya Corvette mjini Bowling Green, Kentucky, karibu na kiwanda kinachotengeneza gari hilo hadi sasa.