Mekatilili Baada ya Pazia

Kama umewahi kuona mchezo wa Mekatilili katika shule zetu za huku Kilifi na Malindi, basi unajua unavyokwisha. Msichana aliyevaa hando anatoroka kifungoni, anazunguka jukwaa mara tatu kuonyesha safari ndefu, ngoma zinalia, pazia. Makofi! Mara ya mwisho nilipoutazama, mdogo wangu wa kidato cha kwanza aliniinamia akaniuliza, halafu ikawaje? Nikababaika. Mimi, mchoraji wa vibonzo vya chama, sikuwa na jawabu.

Wapenzi wa vibonzo wanaijua dawa ya swali hilo. Mchezo wa televisheni wa Batman ulianza Marekani mwaka 1966, ukakatizwa 1968. Mwaka 2013 kampuni ya DC ikatoa Batman '66, vitabu vya katuni vinavyoendeleza visa vya mchezo uleule. Wonder Woman aliyeigizwa na Lynda Carter hadi 1979 naye akapata Wonder Woman '77. Nikasema, kumbe hata bibi yetu anaweza kuendelezwa! Ila wale wachoraji wanabuni. Mimi ilinibidi niulize wazee na kusoma.

Mwanzo twaujua, nitaupitia mbio. Alizaliwa katika karne ya 19 huko Ganze, akaitwa Mnyazi wa Menza. Mekatilili ni mama Katilili, jina la uzazi. Inasemwa kaka yake alitekwa na wafanyabiashara wa watumwa asionekane tena. Waingereza walipotaka kodi ya vibanda, vijana wa kufanya kazi mashambani, na Wagiriama wahame kaskazini ya mto Sabaki, yeye akazunguka vijiji akicheza kifudu, ngoma ya matanga, watu wakamfuata. Mwaka 1913 watu wakala viapo Kaya Fungo, wanawake chao na wanaume chao. Oktoba mwaka huo akakamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii. Januari 1914 wakatoroka, wakarudi pwani, zaidi ya kilomita 700. Pazia hushuka hapo.

Sasa ukurasa wangu wa kwanza: alikamatwa tena! Ndiyo, Agosti 1914, mwezi uleule serikali ilipoilipua Kaya Fungo kwa baruti. Nilipowaonyesha wenzangu mchoro huo walinuna. Ati shujaa hakamatwi mara mbili. Mmoja alitaka nimpe joho aruke juu ya askari. Nikakataa, manake mtu anayeruka hana haja ya kutembea, na mimi nampenda kwa sababu alitembea.

Safari hii alipelekwa Kismayu, ambayo leo iko Somalia lakini wakati huo ilikuwa chini ya serikali ileile ya Nairobi. Huku nyumbani vita vikapiganwa bila yeye. Wagiriama wakashindwa, wakatozwa faini ya rupia 100,000 na kudaiwa watu wa kubeba mizigo katika vita vya Wazungu. Kurasa hizo zilinitesa. Utamchoraje shujaa ambaye hayupo? Mwishowe nikachora vibanda vinavyoungua na mbuzi wanaoswagwa, yeye simo kabisa.

Mwaka 1919 akarudi. Watu walikuwa wamekwisha kuruhusiwa kulima tena ng'ambo ya Sabaki, ardhi ileile waliyofukuzwa. Hakurudi kukaa kitako kama bibi kizee wa hadithi. Wanje aliongoza baraza la wanaume kwenye kaya, na Mekatilili la wanawake. Hapa ndipo moyo wangu ulipotulia, maana katika mchezo wetu hata neno baraza halitajwi. Akafariki katikati ya miaka ya 1920, akazikwa Bungale, Magarini.

Sanamu yake iko Malindi mjini, na tarehe 9 Agosti 2020 Google waliweka picha yake kwenye ukurasa wao. Zote nimezitazama nikitafuta sura yake ya uzeeni, sikuipata. Basi nimeazima mikono ya nyanya yangu, ilivyokunjamana, nikamkalisha bibi chini ya mti kati ya wanawake wenzake, anasikiliza. Kibonzo chote kina kurasa 12 na kiko kwa mlezi wa chama. Yule mdogo wangu ameshakisoma, sasa anataka kujua habari za Wanje.